Mwaka Tuliosubiri Mabati

Niliolewa Rhotia, nikapelekwa kwenye nyumba ambayo mgeni angeweza kuipita asiione. Ilikuwa imechimbiwa kwenye ubavu wa kilima. Nyuma imelingana na ardhi, na mbele ndiko kulikokuwa na mlango mfupi wa kuingilia kwa kuinama. Paa lake lilikuwa la udongo na lilikuwa limeota majani. Mara nyingi nilikuwa ndani napika huku mbuzi wetu amesimama juu ya kichwa changu anakula. Tembe za namna hiyo sikuzishangaa, maana nami nilizaliwa ndani ya moja kabla ya operesheni ya vijiji kutuhamisha. Kilichonishangaza ni kuikuta bado ipo, imara, wakati huo miaka ya themanini ikiwa imekwisha kuanza.

Mwenye nyumba alikuwa mama mkwe wangu. Tulimwita Ayo, yaani mama kwa Kiiraqw. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Yeye na marehemu mumewe waliijenga tembe ile wakiwa vijana, majirani wakiwasaidia kuchimba. Upande mmoja walilala ng'ombe, upande mwingine sisi, na moto wa kupikia ulikuwa katikati. Ukungu uliposhuka kutoka misitu ya Ngorongoro na kukaa juu ya mashamba mpaka saa nne asubuhi, ndani ya tembe mlikuwa na joto kama chini ya bawa la kuku.

Lakini moshi ulikuwa hauna pa kutokea ila mlangoni. Macho ya Ayo yalikuwa mekundu siku zote. Kila alfajiri alikohoa akiwa ameshika nguzo, na baada ya mwaka mmoja na mimi nikaanza kukohoa, na mtoto wetu wa kwanza vivyo hivyo. Na moto ule wa mafiga matatu ulikula kuni. Tulizifuata kwenye ukingo wa msitu, pale ambapo mashamba yanakoma na eneo la hifadhi linaanza. Tulikwenda wanawake kwa kundi kwa kuogopa nyati, na tukiwahofia pia askari wa wanyamapori. Nilipofika Rhotia tulikuwa tunaokota kuni kavu karibu na njia. Miaka michache baadaye tulikuwa tukirudi jua limeshazama, na mzigo wenyewe ni vijiti.

Mume wangu alikuwa fundi mwashi. Ujuzi aliupata kule juu, kwenye hoteli zilizojengwa ukingoni mwa kreta, alikokuwa kibarua wa kubeba mawe mpaka akakabidhiwa kuyapanga. Alikuwa mtu wa kusema sana jioni. Alitusimulia jinsi wageni walivyokaa mbele ya moto mkubwa wa magogo usiku kucha, madirisha yao mapana yakitazama bonde, na moshi wote ukipanda ndani ya ukuta usionekane. Ayo alimsikiliza, halafu akamuuliza, "Na hayo magogo anakwenda kuyaokota nani?" Mume wangu alicheka. Alimpenda sana mama yake. Alikuwa mtoto wa kiume pekee aliyebaki, na kila alichokitamani alikitamani kwa ajili yake kwanza.

Ndipo ulipoitishwa mkutano wa kijiji. Halmashauri zilikuwa zimerudishwa, na watu walikuwa bado wanajifunza nini cha kutegemea kutoka kwazo. Aliyekuja kusema alikuwa bibi maendeleo wa kata, msichana wa Digodigo, mpole, aliyezungumza Kiswahili cha shule na akasimama na viatu vyake mkononi kwa sababu ya tope. Alisema misitu inaisha na mvua zitaifuata. Alisema halmashauri imeamua kuwatia moyo watakaojenga bila kuimaliza miti. Anayetaka kuingia kwenye mpango atengeneze matofali mabichi ya kukausha kwa jua, wala asiyachome kwa kuni. Aweke madirisha pande mbili ili nyumba ipate mwanga na hewa. Ajenge jiko la udongo lililoinuka, lenye bomba la kutoa moshi nje, na apande miti kuzunguka kiwanja chake na kuitunza. Atakayetimiza hayo atapewa mabati ya kuezekea, bure.

Wakati ule mabati hayakuonekana. Hata sabuni ilikuwa ya kupangia foleni. Watu walinong'ona uwanja mzima.

Mzee mmoja akauliza, "Na miti ya kenchi tutaitoa wapi, kama hatutakiwi kukata?"

Bibi maendeleo akajibu kwamba hilo nalo limefikiriwa. Mwenye tembe ataibomoa na kutumia nguzo na boriti zake. Halmashauri ilitaka kuona nyumba ya zamani imebomolewa ndipo jina lipelekwe kwa ajili ya mabati. Vinginevyo, alisema, watu wangechukua mabati na kurudi kwenye moshi, na msitu ungekatwa mara mbili.

Ilikuwa na maana. Hata leo nikiifikiria naona ilikuwa na maana.

Mume wangu alirudi nyumbani akitembea haraka, mimi nyuma yake na mtoto mgongoni. Ayo alikuwa anachambua maharage mlangoni. Mume wangu alichuchumaa mbele yake akamweleza yote, jiko, madirisha, mabati. Ayo aliendelea kuchambua mpaka akamaliza.

"Na hii?" akauliza, akielekeza kichwa kwenye mlango nyuma yake.

"Tutaitoa miti, Ayo. Ndiyo itakayobeba paa jipya."

"Baba yako aliitafuta miti hiyo kule juu sana. Tulikuja nayo kwa siku nyingi."

"Ndiyo maana haijaoza. Haitapotea. Itakuwa juu yako vilevile."

Ayo alimtazama mtoto wetu, ambaye wakati ule alikuwa anakohoa mgongoni mwangu. Alimtazama kwa muda. Kisha akasema, "Jenga. Mimi nimeshaishi katika nyumba yangu. Hawa bado."

Kazi ilianza baada ya mvua za vuli. Mume wangu alichimba udongo, mimi nikachota maji korongoni, na Ayo akaukanyaga udongo pamoja na majani makavu, vazi lake amelifunga juu ya magoti, akitembea polepole katika duara. Alikuwa mzee lakini alifanya kazi ile kwa furaha ambayo sikuitegemea. Matofali yalipangwa juani, tukawa tunayageuza kama mikate. Ulipokuja mgao wa miche kutoka kitaluni, migrevilea na mikaratusi, Ayo ndiye aliyeipanda. Maji ya kuoshea vyombo hatukuruhusiwa kuyamwaga hovyo. Aliyagawa mche kwa mche kwa kikombe.

Kuta zilipanda. Mume wangu aliacha nafasi za madirisha, akawa anatuita tusimame ndani tutazame nje. Kutoka dirisha moja uliona barabara ya kwenda Karatu na vumbi la magari. Jiko alilijenga kabla ya paa, kwa sababu hakuweza kungoja. Bibi maendeleo alikuja kutufundisha vipimo vya tundu la kuni, naye mume wangu akaunganisha bomba la udongo mpaka nje ya ukuta. Siku tuliyowasha mara ya kwanza, Ayo alisimama karibu akisubiri moshi umfikie. Haukumfikia. Alikwenda nje akautazama unavyopanda, akarudi ndani, akatoka tena.

"Huu moshi umefundishwa adabu," akasema.

Mwezi wa pili tukabomoa.

Asubuhi ya siku ile Ayo aliamka kabla yetu akafagia tembe. Alifagia kila mahali, upande wa ng'ombe na upande wetu, akamwagia maji kidogo kutuliza vumbi, kama anayetarajia wageni. Mume wangu alikuja na majembe na vijana wa jirani, akamkuta ameshika ufagio. Walisimama nje wakangoja. Alipomaliza akaweka ufagio kando, akatoka akiinama pale mlangoni, akaenda kukaa chini ya ukuta mpya, mgongo wake kwetu. Udongo wa paa ulianguka kwa sauti nzito. Nguzo zilipong'olewa zilikuwa nyeusi kwa masizi, ngumu kama chuma. Mume wangu alimletea moja aiguse, akafikiri itamfurahisha. Aligusa, akaitika kwa kichwa.

Bibi maendeleo alikuja akaona, akaandika, akapeleka habari zetu wilayani. Alituambia mabati yatafika kabla ya masika, na ninaamini aliambiwa hivyo. Tukaezeka pembe moja ya nyumba mpya kwa nyasi na mabua ya mahindi, tukatandika turubai la kuazima juu yake. Humo tukalala wote wanne. Ng'ombe tuliwajengea zizi la miti nje.

Mwezi wa tatu ulipita. Mume wangu alikwenda Karatu kuulizia, akarudi, akaenda tena. Mara aliambiwa lori liko Arusha halina dizeli. Mara aliambiwa limetoka, ila barabara imekatika upande wa Mto wa Mbu. Hakuna aliyemjibu vibaya. Nchi nzima ilikuwa inangoja kitu wakati ule, ama mafuta, ama sukari, ama dawa. Sisi tulingoja mabati.

Masika yalianza kwa kishindo. Mume wangu alihangaika kuzifunika kuta kwa majani ya migomba na magunia, lakini matofali mabichi na maji havipatani. Siku ya tatu ya mvua mfululizo, ukuta wa upande wa barabara ulilegea, ukainama taratibu, ukalala chini pamoja na dirisha lake. Hakuumia mtu. Tulisimama kwenye mvua tukiutazama ukirudi kuwa tope. Mume wangu alijaribu kuchukua matofali ya juu ambayo yalikuwa bado na umbo, yakamvunjikia mikononi.

Jirani mmoja alikuja na blanketi kumchukua Ayo, akalale kwake mpaka mambo yatulie. Alikwenda. Siku chache baadaye nilimwona anapanda njia peke yake kwenye ukungu, blanketi limelowa mabegani.

"Ayo, kwa nini umerudi? Huku kunavuja."

"Wale ni watu wema," akasema. "Lakini nina mji wangu. Siwezi kuwa mgeni hali naona mji wangu kutoka mlangoni mwao. Na yule ng'ombe mwenye mimba, nani anamtazama?"

Alikaa karibu na jiko. Lilifanya kazi yake vizuri, kuni tatu ziliivisha makande. Lakini jiko lile lilitunza moto wake ndani, halikuutupa nje kama mafiga, na nyumba isiyo na paa haina pa kuweka joto. Upepo uliingia palipoanguka ukuta ukatokea palipobaki. Usiku nilimlaza mtoto kati yangu na yeye ili wapashane joto.

Homa ilimwanza Ayo mwishoni mwa mwezi wa nne. Kwanza alisema ni mafua. Kisha akawa anashika ubavu akivuta pumzi, na maneno yake yakawa mafupi. Mume wangu na vijana walimbeba kwenye machela ya miti mpaka barabarani, wakapata gari la mahindi, tukampeleka hospitali. Daktari alisema ni kichomi, na mapafu yenyewe yalikuwa yamechoka tangu zamani. Alituuliza kama alikuwa anapikia kuni. Tukasema ndiyo, maisha yake yote. Walimpa sindano zilizokuwepo.

Nilikaa naye siku zile zote. Wodini mlikuwa na dirisha kubwa la vioo karibu na kitanda chake. Mchana mmoja jua lilitoka, likamwangukia usoni, nikataka kuvuta pazia.

"Liache," akasema. Akapumua kwa shida mara kadhaa. Baadaye akasema, "Mwambie mume wako madirisha ayafanye kama haya. Alisema kweli."

"Utamwambia mwenyewe, Ayo. Jioni anakuja."

"Mwambie na asilie sana. Akianza kulia hajui kuacha. Alikuwa hivyo tangu mdogo."

Mume wangu alifika jioni na uji kwenye chupa. Ayo alikuwa amekata roho muda mfupi kabla, nami nilikuwa bado nimemshika mkono, sijui la kufanya nao.

Tulimzika Rhotia, kwenye kiwanja chetu. Mvua ilikuwa nyepesi. Katekista alisali kwa haraka kwa sababu kaburi lilikuwa linaingia maji. Watu walikaa matanga chini ya turubai lile la kuazima, wengine wakakosa pa kukaa wakasimama kando ya kuta zisizo na paa. Mume wangu hakulia kabisa. Alikuwa anapokea watu kwa mikono miwili, anasema asante, anasema karibuni, na macho yake yako mbali. Nilikuwa nimemfikishia maneno ya mama yake kuhusu madirisha. Yale ya kulia sikumwambia, maana niliona hayahitajiki, na nilitamani yangehitajika.

Mabati yalikuja mwezi wa sita. Tuliyasikia kabla ya kuyaona, yakigonganagongana kwenye trela la trekta likipanda kilima. Bibi maendeleo alikuwa amekaa juu yake. Alishuka, akaona kaburi jipya, akasimama. Alikuwa hajapata habari. Alikuwa Arusha akifuatilia lori hilohilo.

"Ni bibi?" akaniuliza.

"Ndiye."

Alikaa chini pale pale kwenye majani yenye umande, akafunika uso kwa kanga yake. Mume wangu alipita karibu naye akibeba mabati mawili mawili, anayaegemeza ukutani, anarudi kuchukua mengine. Baada ya kumaliza alimletea maji ya kunywa, akamwambia, "Pole na safari, mama."

Alijenga upya ukuta ulioanguka, akainua kenchi kwa miti ile myeusi ya tembe, akaezeka. Alifanya kazi toka asubuhi mpaka giza bila kusimulia kitu. Madirisha aliyapanua. Nyumba ilipokwisha ilikuwa nzuri, na sitasema uongo juu ya hilo. Kuni tulizotumia kwa siku moja zamani sasa zilitutosha karibu wiki. Mtoto wetu aliacha kukohoa, na mimi pia. Wanawake walikuja kuangalia jiko, wakapima kwa mikono, wakaenda kujenga yao. Niliacha kwenda ukingo wa msitu kila mara, na nikapata muda wa kukaa, jambo ambalo nilikuwa silijui. Katika kukaa huko ndiko nilikomkumbuka Ayo zaidi.

Mwaka uliofuata halmashauri ilichagua nyumba yetu iwe ya mfano. Wageni walikuja kwa Landrova, wakafuatana na viongozi wa vijiji vya jirani. Walipiga kuta kwa viganja, wakachungulia jikoni, wakahesabu miti. Mmoja wao, mtu mzima mwenye koti, alimwomba mume wangu awaambie wananchi faida alizopata.

Mume wangu alisimama mbele ya mlango. Yeye aliyekuwa msemaji wa kila jioni alitafuta maneno.

"Nyumba ni nzuri," akasema. "Jiko linakula kuni kidogo. Miti inakua. Anayetaka kujenga, ajenge, na mimi nitamsaidia." Tulidhani amemaliza. "Ila msibomoe ya zamani kabla bati halijawa juu ya ukuta. Mimi nilibomoa."

Watu wa kijiji waliinamisha macho. Mgeni mwenye koti hakuelewa, akageuka kumtazama bibi maendeleo. Bibi maendeleo alimweleza yaliyompata Ayo, kwa sauti ndogo, mbele yetu sote, akiwa amesimama wima, wala hakujificha nyuma ya neno lolote. Yule mtu alivua kofia yake. Waliondoka bila kupiga picha waliyokuwa wameipanga.

Palipokuwa na tembe palibaki shimo kwenye kilima. Masika liliingia maji, kiangazi likakauka na kupasuka. Nilimwambia mume wangu tuite watu walifukie, akasema atalifukia mwenyewe. Alichukua kiangazi kizima, jioni kwa jioni, na toroli moja. Tulipopanda maharage pale yalistawi kuliko popote shambani, kwa sababu ya samadi ya ng'ombe wa miaka yote ile. Nilipoyapika mara ya kwanza hakuna aliyeyasifu. Tulikula.

Bibi maendeleo alihamishiwa wilaya nyingine. Alikuja kuniaga akiwa na mtoto wake mchanga, akanikuta peke yangu. Aliniambia sharti la kubomoa limeondolewa. Sasa mtu anajenga, anaezeka, anahamia, ndipo anaitoa tembe yake akitaka. Alisema alilipigania kwenye vikao vingi. Nilimshukuru, nikampa mayai ya njiani, nikamsindikiza mpaka barabarani.

Mume wangu aliporudi nikamweleza. Alikuwa anaranda mbao za milango ya nyumba ya jirani, ambaye naye alikuwa kwenye mpango. Alisimamisha randa.

"Ni vizuri," akasema. "Ni vizuri walivyofanya."

Akaendelea kuranda. Chakula cha jioni nilichomwekea hakukigusa.